Ndege ya Plastiki na Mzinga wa Mti

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Ziwa Tanganyika vikiwa ndani ya makasha. Sisemi kwa mafumbo. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Ikapanda treni kuelekea Kigoma. Huko mafundi watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hayakuandikwa, waliiunga upya ribiti kwa ribiti mpaka ikaingia majini Februari 1915. Waingereza nao walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Katanga, kisha zikavutwa kupita milimani kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu. Wabelgiji wakaleta ndege nne, nazo zimefungwa kwenye makasha, kupitia mdomo wa Mto Kongo, kwa reli na mashua za mtoni zikipokezana hadi pwani ya magharibi ya ziwa.

Mtu anayeunda ndege ndogo za plastiki, kama mimi, hahitaji kuelezwa mara mbili. Anajua maana ya kufungua boksi, kutandaza vipande mezani na kuomba kisikosekane hata kimoja. Ninafundisha historia katika sekondari moja hapa Sumbawanga, na jioni ninakata plastiki. Mwaka huu niliamua kuunda mojawapo ya ndege zile nne.

Ilikuwa aina ya Short 827, iliyobuniwa na kampuni ya Short Brothers ya Uingereza: mbawa mbili juu na chini, viti viwili, injini ya Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Haikuwa na magurudumu. Ilikalia maboya mawili makubwa chini ya tumbo, moja dogo mkiani na mengine madogo kwenye ncha za mbawa. Upana wake kutoka ncha hadi ncha ulikuwa mita 16.4. Kwa kipimo cha 1:72, ninachotumia mimi, hiyo ni milimita 228, chini kidogo ya rula ya mwanafunzi.

Kipimo hicho kina asili ya ajabu kidogo. Ni hesabu ya Waingereza: futi sita ziwe inchi moja, kwa hiyo mtu mzima mrefu anakuwa na urefu wa inchi moja. Kilienea huko katika miaka ya 1930, kwanza kwa ndege za mbao, halafu kwa zile za plastiki za Frog Penguin zilizoanza kuuzwa 1936. Vita vya Pili vilipozuka, ndege ndogo za kipimo hichohicho zilitumika kuwafundisha askari kutambua ndege angani, ipi ya kwao na ipi ya adui. Mtoto na mdunguaji walikuwa wanatazama kitu kimoja. Nalirudia hili darasani kila ninapoulizwa, kwa upole au kwa kejeli, kama mwalimu mzima hana kazi nyingine.

Boksi la Short 827 sikulikuta kwenye maduka ninayoweza kuagiza, basi nilianza na michoro ya pande tatu na karatasi ngumu za plastiki. Vikombe vya mtindi husaidia sana, maana vingi ni plastiki ileile. Ubawa lazima uwe na mgongo uliopinda, kwa hiyo nilifunga kipande cha plastiki juu ya bomba, nikakitumbukiza kwenye maji ya moto, kikapoa kikiwa kimeshika umbo. Nyaya za kushikilia mbawa ni nyembamba kuliko uzi wowote wa dukani. Hizo hutengenezwa kwa kupasha moto kijiti cha plastiki juu ya mshumaa mpaka kilegee, kisha unakivuta pande mbili kwa pumzi moja. Unapata unywele. Ukivuta polepole unapata tambi, ukivuta haraka kinakatika.

Lakini kazi ninayoipenda ni rangi. Chombo cha kupulizia kinaitwa eabrashi. Ni kama kalamu nene yenye kikombe cha rangi mgongoni: ukibonyeza kitufe hewa inatoka, ukikivuta nyuma sindano iliyo ndani inarudi na kuachia rangi. Hewa inatoka kwenye kompresa niliyoundiwa na fundi friji wa hapa mjini kutoka kwenye friji iliyokufa. Haina kelele, na hilo ni jambo kubwa kwa anayeishi nyumba ya kupanga. Rangi unaizimua kwa thina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unapuliza kutoka umbali wa vidole vinne hivi, koti jembamba, unasubiri, koti jembamba tena. Masika nafunga kazi kabisa, kwani rangi ya thina ikipigwa siku yenye unyevu hufanya ukungu mweupe ambao hautoki. Kiangazi nacho kina upepo wa vumbi. Hapa kwetu, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, saa za kupiga rangi ni asubuhi za Juni na Julai, kabla upepo haujaamka, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi.

Ndege za enzi zile zilivikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mbavu za mbao zilionekana kwa ndani kama mifupa ya ng'ombe wa kiangazi. Ili kupata hali hiyo unabandika vipande vyembamba vya utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi za magari, kwa nafasi sawasawa ubavu hadi ubavu, unapuliza rangi ya kahawia iliyofifia pembeni mwake, unabandua, kisha unafunika ubawa wote kwa rangi ya malai iliyozimuliwa sana. Ukiushika kwenye mwanga unaona kama kitambaa kinapitisha jua. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kifipa, alinikuta barazani katika hatua hiyo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo mivukuto yako mbona haina moto?"

Sikuwa nimewahi kuiona kompresa ya friji kwa jicho hilo. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, ambayo hayakuvukutwa. Yalikuwa na matundu mengi chini, na moto ulijivutia hewa wenyewe. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye kintengwe, tanuri dogo la kukisafisha chuma kabla hakijaenda kwa mhunzi. Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi kwa undani kuliko nilivyodhani: hewa ya kusukuma ni ya kazi ndogo na safi.

Sasa, kwa nini ndege zilizungushwa Kongo nzima kuja hapa? Kwa sababu ya mzinga mmoja. Meli ya kivita Königsberg ilipozamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji, Julai 1915, Wajerumani waliiokoa mizinga yake kumi ya milimita 105 na kuigawa nchi nzima. Mmoja ulifungwa kwenye Götzen. Hakuna chombo cha Waingereza wala Wabelgiji ziwani kilichoweza kuukaribia. Ndege ndizo zingeweza. Tarehe 10 Juni 1916 ziliruka kwenda Kigoma na kuanza kuiangushia meli mabomu. Wabelgiji wanamkumbuka rubani wao Aimé Behaeghe, aliyefariki huko huko Kongo mwishoni mwa mwaka huo.

Kwa maelezo ya wanahistoria, wakati huo mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umeshaondolewa, unahitajika kwenye vita vya nchi kavu. Mahali pake paliwekwa mti.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka nilipofika kwenye habari za Kasanga. Kasanga ni bandari yetu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Matai, unashuka kutoka uwandani mpaka joto la ziwa likupige usoni. Wajerumani waliiita Bismarckburg na kujenga boma kwenye rasi, magofu yake yapo hadi leo. Juni 1916 kikosi cha Luteni Kanali Murray kilikuwa kinalizingira boma hilo kwa nchi kavu kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Upande wa maji kazi ilikuwa ya Geoffrey Spicer-Simson na boti zake. Huyu ndiye yule ofisa aliyevaa sketi na ambaye watu wa upande wa Kongo walimpa jina la Bwana Chifunga Tumbo. Alifika tarehe 5, akaitazama ngome, akaiona mizinga, akageuza boti kurudi Kituta. Njia ya majini ikabaki wazi. Wajerumani na askari wao wakaponyoka kwa majahazi na mitumbwi, na Murray alipoingia bomani tarehe 8 hakukuta wa kumkamata. Spicer-Simson alipokuja kuonana naye ndipo alipoambiwa kwamba mizinga ile aliyoihofia ilikuwa ya mti.

Vitabu vya Kiingereza huisimulia habari hii kama kichekesho cha Spicer-Simson. Mimi naona kichekesho kimeelekezwa kwa mtu asiyestahili kupewa nafasi yote hiyo. Kuna mtu aliukata mti ule, akauchonga, akaupaka rangi, akauweka kwenye pembe ambayo ukitazamwa kwa darubini kutoka ziwani utaonekana chuma. Alilazimika kujua unene wa mtutu kwa urefu wake, na mahali kivuli kinapoangukia. Ofisa Mjerumani anaweza kuwa alitoa amri, lakini kwa jinsi boma la kikoloni lilivyoendeshwa, mikono iliyoshika shoka ilikuwa ya watu wa hapa. Mchongo wao uliwahadaa maofisa wa majini kwa macho yao wenyewe. Kwa vigezo vyovyote vya ufundi huu wangu, hiyo ndiyo kazi bora iliyowahi kufanyika Ufipa.

Basi ndege yangu sikuiweka peke yake. Matukio mawili ya wiki moja, tarehe 5 na tarehe 10 Juni, nimeyaweka kwenye ubao mmoja: upande mmoja Short 827 juu ya maji, upande mwingine kipande cha ukuta wa Kasanga na mzinga wake. Mtutu wa mzinga wa Königsberg ulikuwa na mita 4.2, ambayo kwa kipimo changu ni milimita 58. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha, na kinabaki cha kukata.

Shida ilikuja kwenye rangi. Picha za vita vile ni za nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za wakati huo hazikuiona nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, njano ikatoka imekoza, buluu ikapauka karibu na nyeupe. Anayezisoma lazima ayajue hayo kabla hajafungua kopo. Lakini mzinga wa mti una swali gumu zaidi ya filamu. Nikiupaka rangi ya chuma, ninaunda alichokiona Spicer-Simson. Nikiuacha mti, ninaunda walichokijua waliouchonga. Nilipuliza kijivu cheusi upande unaotazama ziwa, koti tatu nyembamba, nikafunika kwa utepe, na upande unaotazama boma nikaacha mti mtupu wenye alama za kisu. Wanafunzi wanaosimama upande wa ndege huuliza mzinga huo ulikuwa wa milimita ngapi. Wanaouzunguka ubao huanza kubishana.

Jambo jingine linalowabishanisha ni watu. Makasha hayakutembea yenyewe. Upande wa Waingereza pekee, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki ilizidi 95,000, wengi kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Hata hivyo, sanamu ya shaba iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Nairobi, katika kundi la sanamu la mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, mpagazi yupo. 

Wangu ninawachonga kutokana na mabaki ya plastiki, mwili kutoka kwenye kijiti, mzigo kutoka kwenye kipande cha kikombe cha mtindi. Kila mmoja hanifikii kucha ya kidole gumba mara mbili. Ndege nzima ilinichukua miezi minne, na mpagazi mmoja ananichukua jioni mbili, kwa sababu uso hauwezi kupulizwa, lazima upakwe kwa brashi yenye nywele tatu. Mpaka sasa wamefika kumi na mmoja, na mvua za Novemba zimeshaanza kunukia upande wa Mbizi.