Diski Nyingi, Mti Mmoja

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hiyo inamhusu hata mtu wa leo aliyejaza nyumbani filamu, nyimbo, picha za harusi na sauti za wazee zilizonakiliwa kutoka kwenye kaseti, zote zikiwa katika diski tatu nne za kompyuta moja inayohudumia nyumba nzima. Diski ikijaa hununuliwa nyingine, na hapo swali hurudi: kitu fulani kiko wapi?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61 hivi, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo picha mbili za simu zingetosha kuijaza. Kwa uhaba huo, watu hawakuwa na budi kujifunza kuishi na diski zaidi ya moja.

Mwaka 1971, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiuendesha mfumo wao wa Unix kwenye kompyuta ya PDP-11. Diski ndogo ilibeba mfumo wenyewe, na nyingine ikabeba mafaili ya watumiaji. Hawakumlazimisha mtu ataje diski. Waliipandikiza ile ya pili kama tawi katika mti mmoja wa folda, na tawi hilo wakaliita usr, kwa maana ya mtumiaji. Mtu alitaja folda tu, na mashine ikajua yenyewe iende diski ipi. Diski ya kwanza ilipoelemewa, programu zilizokosa nafasi zilipelekwa kwenye tawi hilo. Diski zile zimekwisha zamani, na mafaili ya watumiaji yamehamia kwingine, lakini jina la usr lingalipo hadi leo, na ndani yake mna programu. Tazama, msomaji, jinsi jina la folda linavyoishi kuliko diski iliyolizaa!

Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 ilishika njia nyingine. Diski ziliitwa kwa herufi, A na B, kisha diski ngumu ikawa C. Hapo jina ni la chombo, si la kilichomo. Ni njia rahisi kueleweka, lakini ukihamisha nyimbo kutoka D kwenda E, programu iliyozoea kuzitafuta D haizioni tena.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kutumika kama moja. Walionyesha pia kwamba diski zikiongezeka, uwezekano wa mojawapo kuharibika nao huongezeka, hivyo lazima iwepo ziada ya kurudishia kilichopotea. Mwaka 2007 Microsoft ilileta Windows Home Server, iliyounganisha diski za nyumbani kuwa bohari moja na kumruhusu mwenye nyumba achague folda za kuwekewa nakala katika diski mbili. Novemba 2010 kampuni ilitangaza kuiondoa huduma hiyo, na toleo la 2011 likatoka bila hiyo. Kumbe hata kinachounganisha diski nacho hufa.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi. Folda huziita kwa kilichomo: Filamu, Nyimbo, Familia, kamwe siiti folda Diski ya Pili. Albamu moja haigawanywi, hukaa nzima katika diski moja, kwa mafaili ya kawaida yanayosomeka hata diski ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine. Daftari huonyesha kila folda ilipo, ili diski ikifa nijue kilichokwenda nayo. Na folda ya Familia ina nakala nje ya nyumba, kwa sababu moto na mwizi hawachagui diski. Filamu iliyopotea aghalabu hupatikana tena kwa fedha. Sauti ya bibi akisimulia hadithi haiuzwi popote, nayo ndiyo ya kutunzwa kwanza.