Kadi ya Michoro na King'amuzi Kilichojificha Ndani Yake

Ingia duka lolote la vyombo vya umeme mjini Kericho useme unatafuta hom thieta. Utapelekwa moja kwa moja kwenye spika: wufa moja nene, vispika vitano vya kuizunguka, na rimoti. Kwetu hom thieta ni sauti. Kompyuta ya kukaa chini ya runinga na kuonyesha filamu bado haina jina linaloeleweka kaunta, kwa hiyo mnunuzi huishia kuieleza: nataka mashine ya kuunganisha na TV, ya muvi. Muuzaji naye hurudisha swali moja: uwekewe grafiksi kadi?

Grafiksi kadi ndiyo ile ambayo tafsiri za Kiswahili huiita kadi ya michoro. Kadi haina ubishi. Ni kibao chembamba kinachochomekwa kwenye bodi kuu ya kompyuta, na Mswahili aliyezoea kadi ya benki na kadi ya kumbukumbu ya simu haoni ajabu kuambiwa kuna kadi nyingine ya kuchomeka. Shida iko kwenye michoro. Mtu anayetaka kutazama filamu na mpira anauziwaje michoro?

Jibu liko mwaka 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ya kibinafsi. Mnunuzi alikuwa na kadi mbili za kuchagua. Moja ilionyesha maandishi tu, herufi za rangi moja zilizokaa kwenye mistari yake. Ya pili iliweza kuweka nukta za rangi popote kwenye skrini, na kwa nukta hizo mtu akachora mistari, miduara na vikatuni. Kwa hiyo michoro ilikuwa kinyume cha maandishi, na aliyelitafsiri neno hilo kwa kitenzi kuchora alilenga barabara. Mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ikatoa GeForce 256 na kuinadi kuwa GPU ya kwanza duniani, kifupisho ambacho kwa urefu wake tungekiita kitengo cha uchakataji wa michoro. (Kuchakata tumekiazima kwa watu wa mkonge. Lau istilahi za kompyuta zingetungwa Kericho, kwenye viwanda vya chai, pengine leo tungesema kitengo cha usindikaji.) Hata hapo kazi ilikuwa ile ile ya kuchora. Mchezo wa kompyuta hauna picha zilizohifadhiwa zikisubiri kuonyeshwa. Kila fremu huchorwa upya kwa hesabu za pembetatu, vivuli na mwanga, mara 60 kwa sekunde au zaidi.

Filamu haichorwi. Imekwisha kupigwa picha zamani, na kinachokufikia ni picha zilizokunjwa zikakunjika. Tufanye hesabu. Fremu moja ya ukubwa wa 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2, na bila kukunjwa inachukua takriban MB 3. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Kwa saa mbili, hiyo ni zaidi ya GB 500. Lakini filamu hiyo hiyo umeuziwa kwenye flashi ikiwa na GB 1 na nusu. Kwenye kiwanda cha chai, kilo 4 na ushei za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, nasi tunaona majani yamenyauka kweli kweli. Filamu imekaushwa zaidi ya mara 300, na ni lazima mtu airudishie maji yake fremu kwa fremu bila kuchelewa hata moja.

Kazi hiyo ya kuikunjua picha ndiyo inayomhusu mtu wa sebuleni, na Kiswahili kimekwisha kuipa jina ambalo kila nyumba inalijua. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata hadi vituo vikubwa vikapotea hewani kwa wiki kadhaa mwezi Februari na Machi 2015, nyumba nyingi zililazimika kununua kisanduku cha kuweka kati ya antena na runinga. Hakuna kamati iliyolazimika kutembea mlango hadi mlango kufundisha neno. Kisanduku kikaitwa king'amuzi, kutokana na kung'amua, na hadi leo bibi wa Bomet asiyejua kusoma hukwambia king'amuzi chake kimegoma. Vitabu vya teknolojia vina kitenzi kingine, kusimbua, kutokana na msimbo, na wasomi hukipenda. Mimi nashika king'amuzi. Kinafanya kazi ile ile: kupokea picha zilizokunjwa na kuzikunjua.

Ndani ya kila kadi ya michoro ya kisasa, basi, mna karakana mbili. Kubwa ni ya wachoraji, nayo ndiyo inayopandisha bei na kuvuta umeme. Ndogo, iliyojibanza pembeni mwa chipu hiyo hiyo, ni king'amuzi. Anayecheza michezo hununua ile kubwa. Anayetazama filamu anahitaji ndogo, na jina lililoandikwa kwenye kasha halimwambii kwamba ipo.

King'amuzi hicho kina tabia moja ya kukera: hakifundishiki. Mitindo ya ukunjaji kinayoijua ni ile iliyochongwa ndani yake kiwandani, basi. Mitindo yenyewe, ambayo mafundi huiita kodeki, ni michache. H.264 ilikuja mwaka 2003 na kila kitu kinaijua. HEVC, ambayo kwenye majina ya mafaili huandikwa pia H.265 au x265, na VP9 ya Google zilikuja mwaka 2013. AV1 ilitangazwa mwaka 2018 na sasa inazidi kushika YouTube na Netflix. Kila mtindo mpya hukunja zaidi ya uliotangulia bila kuharibu picha, na kila mmoja humwacha nyuma aliyenunua mapema mno.

Huku kwenye chai jambo hili lina uzito wake. Ukiwa mjini Kericho penye faiba huenda ukatazama kila kitu moja kwa moja mtandaoni. Ukishuka kuelekea Kapkatet, Mogogosiek au Ndanai, bando bado ni pesa, na filamu hununuliwa kwenye duka la muvi, unampa kijana flashi naye anakujazia. Kijana huyo anapenda HEVC kwa sababu mfululizo mzima unaingia kwenye flashi ya GB 16 na nafasi inabaki. Kumbe anachokuokolea kwenye flashi, kompyuta yako ndiyo inayokilipia. (Kama wewe ni mpenzi wa DJ Afro peke yake, makala hii haikuhusu. Filamu anazozisimulia ni za kiwango cha DVD, na hata kompyuta ya mwaka 2008 itazicheza huku imelala.)

Chukua mfano wa mwalimu wa upande wa Litein mwenye ekari mbili za chai. Bonasi ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, imelipwa Oktoba, runinga ya 4K ya inchi 50 imeshatundikwa ukutani, na ana kompyuta ya mezani ya ex-UK, zile ndogo za ofisini zilizotumika Uingereza na kuletwa huku kwa makontena, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Filamu za 1080p za HEVC inazisukuma kwa nguvu za prosesa yenyewe, feni ikivuma. Ikija ya 4K yenye biti 10 kwa kila rangi, picha inakwama, mdomo unafunguka neno likishapita. Anaambiwa aongeze kadi, anafika dukani, na mazungumzo yanaenda hivi:

"Mwalimu, chukua hii GT 730. Ni ya GB 4. Hiyo nyingine, GT 1030, ni GB 2 tu na bei yake iko juu."

"Sasa mbona ndogo iwe ghali, kijana wangu?"

"Ni mambo ya kampuni, mwalimu. Lakini 4 ni 4."

Kijana hana nia mbaya, ila hesabu yake ni ya duka la sukari. Zile GB ni kumbukumbu ya kadi, mahali pa kuweka vifaa vya wachoraji, na kwa filamu GB 2 zinatosha. GT 730 ni ya mwaka 2014, na king'amuzi chake hakijui HEVC wala VP9, hata ungeijaza GB 40. GT 1030 ya mwaka 2017 inazijua zote mbili, pamoja na HEVC ya biti 10, na huvuta wati 30 tu. AV1 haimo, lakini kwa flashi za duka la muvi haidaiwi. Mwalimu akibeba ile ya GB 4 atafika nyumbani filamu ikwame pale pale ilipokuwa ikikwama, tena kwa hasara.

Wala usiseme basi nitanunua iliyotoka karibuni nipone. RTX 3060 ya NVIDIA ilitoka mwaka 2021 ikiwa na king'amuzi cha AV1. Mwaka uliofuata AMD ikatoa RX 6400, ndogo, ya bei nafuu, inayoonekana imeumbwa kwa ajili ya sebule, lakini ili kupunguza gharama AV1 ikaachwa nje. Mwaka huo huo Intel ikatoa Arc A380, nayo AV1 inaijua kuisoma na kuiandika. Tarehe ya kutoka haikuhakikishii chochote. Uliza kodeki, moja baada ya nyingine, kwa majina yake.

Na pengine huhitaji kadi kabisa. Wauzaji hawapendi sana kulisema hili. Prosesa nyingi za Intel zina michoro yake ndani, na kuanzia kizazi cha saba, kilichofika kwenye kompyuta za mezani mwaka 2017, king'amuzi kilichomo kinajua HEVC ya biti 10 na VP9. AV1 iliingia kwenye kizazi cha 11. Ex-UK ya kizazi cha saba au cha nane, bila kadi yoyote, ingemfaa mwalimu wetu kuliko ile ya kizazi cha nne yenye kadi. Kama bado hujanunua, anzia hapo.

Ukiamua kununua kadi, pima kasha kwanza. Ex-UK nyingi ni zile nyembamba, na kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Dai ya kimo kifupi, na uhakikishe kibanio chake kifupi cha chuma kimo ndani ya boksi, maana hicho hupotea dukani kama kifuniko cha kalamu. Kisha angalia umeme. Pawasaplai ya mashine hizo aghalabu ni kati ya wati 180 na 255, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi hujilisha kwa kile inachopewa na tundu lake tu, ambacho hakizidi wati 75. Sebuleni hiyo yatosha na kubaki.

Suala la feni huku kwetu lina mzaha wake. Miongozo mingi ya kununua husisitiza kadi isiyo na feni ili sinema iwe kimya. Kericho, kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati hata wufa yenyewe haisikiki, sembuse feni. Watu huwasha maandishi ya chini ya skrini na maisha yanaendelea. Ila usiku mvua ikikatika utaisikia, na kwa kuwa hewa yetu ni ya baridi, kadi isiyo na feni kama zile za GT 1030 haipati joto la kutisha. Kinachoua kadi huku ni radi. Mawingu ya radi ndiyo pia huleta mvua ya mawe, na eneo hili lina mvua hiyo kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kuyanusuru mashamba ya chai. Ile desturi ya wazee ya kuchomoa runinga ngurumo zikianza iendelezwe, na waya wa antena nao uchomolewe.

Kuna na matundu ya nyuma. Kebo ya VGA haibebi sauti, achana nayo. HDMI hubeba picha na sauti pamoja, lakini ya toleo la 1.4 hupeleka 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0 hufika 60, na tofauti utaiona mpira ukipigwa krosi. Jambo dogo la wenye macho makali: filamu nyingi huenda fremu 23.976 kwa sekunde, si 24 kamili. Michoro ya ndani ya Intel ya mwaka 2011 haikuweza kuipata namba hiyo, ikawa picha inashtuka kidogo kila baada ya sekunde 40 hivi. Kizazi cha nne kililirekebisha. Wapo walioishi na mshtuko huo miaka wasiujue, na nisingependa kuwaharibia raha.

Je, istilahi ibadilishwe? Kadi ya picha ingekuwa na mvuto, hasa kwa kuwa wazee wetu waliokwenda sinema walisema wanakwenda kutazama picha. Lakini kadi ya picha inaweza pia kuwa ile ya kamera, na kadi ya michoro imeshazoeleka. Ibaki. Ninalolidai ni kwamba maelezo yanayobandikwa dukani na yanayofundishwa darasani yataje kando yake king'amuzi, na kodeki kinazozijua, kama yanavyotaja GB.

Mpaka hapo, nenda dukani na flashi yako yenye ile filamu inayokukwamia nyumbani. Mwombe fundi aifungue kwenye mashine yenye kadi unayoitaka, kisha abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows 10 na 11 litafunguka dirisha lenye sehemu ya GPU, na humo mna kijisanduku kilichoandikwa Video Decode. Hicho ndicho king'amuzi. Filamu ikienda na mstari wa humo ukapanda huku prosesa imetulia, lipa. Mstari ukilala kwenye sifuri na prosesa ikakimbilia asilimia 90, mwambie arudishe kadi kwenye boksi, na aangalie kama kile kibanio kifupi bado kimo.