Dungu na Wageni Wake

Dungu ni ulingo wa miti minne na sakafu ya fito, uliosimamishwa katikati ya shamba na kuezekwa kwa makuti au nyasi. Kazi yake ya asili, kama kamusi zinavyolieleza neno hili, ni kukaliwa na mlinzi wa ndege. Katika mashamba ya Mtwara, toka bara ya Mikindani hata bonde la Ruvuma, mtoto alipanda juu yake alfajiri, kombeo mkononi, akawafukuza kwa mayowe na mawe ndege waliokuja kudonoa mtama na mpunga uliokwisha kutia punje. Jua lilipotua ndege walikwenda kulala, na mtoto akarudi nyumbani. Laiti wageni wangalikuwa hao tu, habari za dungu zingalikuwa fupi.

Lakini nafaka iliyomwita ndege mchana ilimwita nguruwe mwitu usiku. Huko Kitaya na Mahurunga kiboko naye hutoka mtoni kuufuata mpunga, ila yeye hapendi kwenda mbali na maji. Nguruwe ni wa kila mahali. Huja kwa kundi, huchimbua mihogo, huangusha mahindi, na jasho la mwaka mzima huweza kupotea kwa usiku mmoja au miwili. Kwa hiyo zamu ya mchana ikaongezewa zamu ya usiku, na watu wazima wakalala pale alipokaa mtoto.

Jambo hili lilizidi uzito katika miaka ya 1970. Watu waliokuwa wakiishi kando ya mashamba yao walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nyumba zikahama, udongo mzuri haukuhama. Mikorosho mingi ikabaki mbali na wenyewe. Zao la korosho la Tanzania, lililofikia karibu tani 145,000 msimu wa 1973/74, lilianguka hata likawa chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, kwa sababu ya umbali huo, bei mbaya, na ugonjwa wa ubwiri unga. Mikorosho isiyopaliliwa huota kichaka chini yake, na kichaka ndicho makao ya nguruwe. Tena wenyeji wengi wa pwani ni Waislamu, hawali nyama yake. Basi wawindaji wake ni haba.

Nyuma ya nguruwe akaja simba. Mwaka 2005 Packer, Ikanda, Kissui na Kushnir walitangaza katika jarida la Nature kwamba simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania tangu 1990, na pwani ya kusini ndiyo iliyoumia sana. Waliona kuwa mashambulizi huzidi Machi hadi Mei, majira ya mavuno, na kwamba huwa mengi penye nguruwe wengi na mawindo mengine machache. Simba alimfuata nguruwe, akamkuta mkulima amelala juu ya fito, hana ukuta.

Maelezo mengine yalikuwako, nayo yaliua pia. Ng'ambo ya Ruvuma, katika wilaya ya Muidumbe nchini Msumbiji, simba walipoua makumi ya watu mwaka 2002 na 2003, wengi walisadiki kuwa simba hao wametengenezwa na wachawi, na baadhi ya waliotuhumiwa wakauawa na majirani zao. Si haki kuyacheka mawazo hayo. Mtu aliyefiwa huuliza kwa nini mtoto wake na si wa jirani, na hesabu ya nguruwe haimjibu.

Kaskazini ya mto jawabu la kawaida lilikuwa bunduki ya askari wa wanyamapori. Simba alikufa, nguruwe wakabaki, na msimu uliofuata mkulima akapanda tena dungu lake. Ndiyo maana wataalamu wale wanne walishauri kwamba anayetaka kumwondoa simba shambani aanze na nguruwe.