Majeshi ya Mezani: Miaka Mia Mbili ya Vita Visivyomwaga Damu

Mwaka 1824 luteni wa mizinga wa jeshi la Prussia, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, aliitwa mbele ya Jenerali Karl von Müffling, mnadhimu mkuu wa jeshi hilo, aonyeshe mchezo aliouunda. Jenerali alimpokea bila bashasha. Luteni akatandaza ramani iliyoonyesha kila kilima, kijito na kichaka, akapanga juu yake vipande vyekundu na vya buluu, kila kimoja kikiwa ni kikosi. Akawagawa maofisa waliokuwapo pande mbili, akawaeleza hali ya adui, akawataka watoe amri. Muda ulivyokwenda, uso wa Müffling ulikunjuka. Mwishowe akatamka kuwa kile hakikuwa mchezo bali mafunzo ya vita, na kwamba angeupendekeza kwa jeshi zima.

Leo mchezo uliotokana na ramani ile una wapenzi Ulaya, Marekani, Australia na kwingineko. Ni watu wazima wanaonunua askari wa milimita 28, wanawapaka rangi mmoja mmoja, kisha wanapigana nao Waterloo au Gettysburg juu ya meza. Anayewaona kwa mara ya kwanza huwadhania watu waliokataa kukua. Mimi naamini hawa ni miongoni mwa wasomaji makini kabisa wa historia, na safari ya mchezo wao yenyewe inaonyesha hivyo.

Kabla ya Reisswitz, vita vya mezani vilikuwa watoto wa sataranji. Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu wa Braunschweig, alitoa mwaka 1780 mchezo wenye ubao mkubwa wa miraba iliyopakwa rangi kuonyesha milima, maji na vinamasi. Baba yake Reisswitz, mtumishi wa serikali, alisogea mbele zaidi: mwaka 1812 alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye vipande vya ardhi vilivyoweza kupangwa upya kila siku, na mfalme akaucheza mchezo huo pamoja na wanawe. Lakini mwana ndiye aliyeleta jambo jipya. Alitupa miraba, akachukua ramani ya kweli ya skeli ya 1:8,000, akaweka mwamuzi katikati.

Mwamuzi huyo ndiye siri ya mchezo mzima. Katika bao, kete zote zi wazi mbele ya macho yako. Ukishindwa, umeshindwa kwa hesabu. Kamanda vitani hajui nyuma ya kilima kuna nini. Kwa hiyo wachezaji wa Reisswitz waliandika amri zao kwenye karatasi, wakamkabidhi mwamuzi, naye akaweka ramanini vikosi vile tu ambavyo adui angeweza kuviona. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Nani kafa na nani kasalimika iliamuliwa kwa dadu, tena kwa kufuata majedwali yaliyotokana na majaribio halisi ya bunduki na mizinga. Hivyo bahati, giza la habari na ucheleweshaji wa amri viliingia mchezoni kama vilivyo vitani.

Reisswitz hakuuona ushindi wa kazi yake. Alijiua mwaka 1827. Prussia ilipoishinda Austria mwaka 1866, kisha Ufaransa mwaka 1870 na 1871, majeshi mengine yakaanza kutafuta siri yake, na mchezo wa luteni yule ukatafsiriwa na kuigwa nchi baada ya nchi.

Askari wenyewe, wale vijisanamu, walikuja kwa njia nyingine. Mafundi wa Nürnberg walikuwa wakimimina askari bapa wa bati tangu karne ya 18. Familia ya Hilpert ilipata sifa kwa kazi hiyo katika miaka ya 1770. Vilikuwa vitu vya watoto na vya kupamba kabati. Mtu aliyevigeuza kuwa chombo cha utafiti alikuwa ofisa wa Kiingereza, William Siborne, na kisa chake kinastahili kusimuliwa taratibu.

Mwaka 1830 Siborne aliagizwa na jeshi lake kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo, miaka 15 baada ya vita hiyo. Alihamia uwanjani kwenyewe, akakaa miezi 8 katika shamba la La Haye Sainte, lililokuwa limepiganiwa vikali siku ile, akipima kila mwinuko na kila ua wa miti. Kisha akafanya jambo ambalo wanahistoria wa wakati wake hawakuwa wamezoea kulifanya: aliwaandikia barua maofisa waliopona, akamuuliza kila mmoja kikosi chake kilikuwa wapi yapata saa moja jioni, wakati walinzi wa Napoleon walipopanda mteremko kwa shambulio la mwisho, adui mbele yake alikuwa na umbo gani, mazao shambani yalikuwa yapi. Majibu yalimiminika, mengine yakipingana. Serikali ikakataa kuendelea kumlipa, naye akakopa. Mfano huo, wenye askari wa bati zaidi ya 70,000, ulifunguliwa kwa umma London mwaka 1838. Watu walijaa kuutazama, lakini Siborne hakuzirudisha fedha zake maisha yake yote. Mfano bado upo, katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Jeshi mjini London, na barua zile, zilizochapishwa na mwanawe mwaka 1891, hadi leo hakuna mwandishi wa Waterloo anayeweza kuzipita kando. Hazina hiyo yote ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alitaka kujua kila askari wake mdogo asimame wapi.

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilipata njia ya kutengeneza askari mwenye uwazi ndani. Fundi alimimina risasi iliyoyeyushwa katika kalibu, akaitikisa, akamwaga nje iliyokuwa haijaganda. Likabaki ganda jembamba lenye umbo kamili. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, na nyumba za Uingereza zikajaa majeshi. Britain walitengeneza pia mizinga midogo ya springi iliyorusha vijiti vya mbao.

Mzinga huo ndio uliomnasa H. G. Wells, mwandishi mashuhuri wa riwaya za kisayansi. Mwaka 1913 alitoa kitabu chake Little Wars, ambacho wapenzi wa mchezo huu wengi hukiita chanzo cha burudani yao. Kanuni zake ni nyepesi: askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, wapanda farasi futi mbili, mzinga hulengwa kwa jicho na kufyatuliwa kwelikweli, na anayeangushwa amekufa. Wells alicheza sakafuni na rafiki zake, watu wazima wakitambaa kwa magoti kati ya nyumba za vibao. Lakini alikuwa mtu aliyeichukia vita, na sura yake ya mwisho inasema hivyo bila kuficha. Hoja yake ni kwamba mtu yeyote akicheza mara tatu au nne tu ataona jinsi makamanda wanavyokosea, na atatambua kuwa vita ya kweli ni ghali mno na ya kipumbavu mno kwa wanadamu. Mwaka uliofuata, Agosti 1914, sehemu kubwa ya Ulaya iliingia vitani. Sioni kwamba hilo linaifuta hoja yake. Naiona kuwa na nguvu zaidi leo.

Vita Kuu ya Pili ilirudisha mchezo mikononi mwa wanajeshi. Mfano mmoja nausimulia kwa sababu unaonyesha jinsi meza inavyofumbua tukio lililokwisha kupita. Mwaka 1942, Liverpool, Kapteni Gilbert Roberts alipewa ghorofa ya juu ya jengo na wanawake vijana wa kikosi cha wanamaji, wengi wakiwa na umri wa miaka 20 hivi. Walichora bahari kwa chaki kwenye sakafu ya linoliamu, wakasogeza meli za mbao, wakarudia zamu kwa zamu mashambulizi yaliyokwisha kuzizamisha meli za mizigo. Waligundua kuwa nyambizi za Ujerumani hazikuwa zikirusha torpedo kutoka mbali kama ilivyodhaniwa: zilipenya usiku kutoka nyuma, zikafyatua zikiwa ndani ya msafara. Wakabuni mbinu ya kuzinasa. Admirali Max Horton, mwenyewe nahodha mkongwe wa nyambizi, alicheza upande wa Wajerumani dhidi ya mmoja wa wanawake hao, akashindwa.

Baada ya vita hobi hii ilipata wazazi wake wa kisasa. Jack Scruby wa California alianzisha jarida dogo mwaka 1957, akauza askari aliowamimina mwenyewe. Huko Southampton, Donald Featherstone, mtaalamu wa fiziotherapia aliyepigana katika vifaru, alitoa kitabu War Games mwaka 1962 na kuwaunganisha kwa barua watu waliodhani wako peke yao. Kuanzia 1959 Airfix ilikuwa imeleta askari wadogo wa plastiki, na kijana asiye na fedha akaweza kumiliki rejimenti. Mwaka 1974 tawi moja la wachezaji wa Marekani lilizaa Dungeons & Dragons, na kutoka huko dunia nzima ya michezo ya njozi. Games Workshop, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa 1975 na kutoa Warhammer mwaka 1983, iliingia Desemba 2024 katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Fedha nyingi ziko kwenye mazimwi. Moyo wangu uko kwa wale wa historia.

Mtazame mmoja wao kazini. Askari anatoka kwenye pakiti akiwa wa kijivu, na mstari mwembamba ubavuni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Anaukwangua kwa kisu, anapitisha tupa, anamwosha kwa sabuni, anampaka rangi ya kwanza, nyeusi au nyeupe, ili nyingine zishike. Zinafuata rangi za msingi: koti, suruali, ngozi, mbao za bunduki. Kisha anachanganya rangi nyeusi na maji mengi na kuiacha itiririke katika mikunjo ya nguo, ikafanya vivuli. Ikikauka, anachukua brashi aliyoifuta kwenye kitambaa hadi ikabaki vumbi la rangi tu, anapitisha juu juu, na kingo za mikunjo zinang'aa. Kabla ya yote hayo amekwisha kutafuta vitabuni: kola ya rejimenti hii ilikuwa ya manjano au ya kijani, vifungo vya shaba au vya fedha? Atatumia jioni nzima kwa kola ambayo mwenzake wa upande wa pili wa meza haioni.

Na kati ya hao wanaopakwa rangi wamo babu zetu. Kwa miaka mingi sasa zinauzwa Uingereza sanamu ndogo za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, za King's African Rifles ya Waingereza, za rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wa bara, na za Wazanzibari wa misafara ya bara. Askari wa Wajerumani hupakwa kaki, tarbushi yake ikifunikwa kitambaa cha kaki kinachoshuka kukinga shingo, tai wa nishani mbele, na vitambaa vya buluu-kijivu vimeviringishwa miguuni. Mwandishi Chris Peers ameandika kanuni nzima, Death in the Dark Continent, kwa vita vya Afrika ya karne ya 19. Jina hilo la "bara la giza" linaniudhi na nalisema wazi, ingawa kazi iliyo ndani inayachukulia majeshi ya Kiafrika kuwa majeshi, yenye mbinu zake.

Vita ya Tanga ya Novemba 1914 hupendwa mezani, na si ajabu. Jenerali Aitken wa Uingereza alikuja na watu wapatao 8,000 kutoka India. Watetezi walikuwa kama 1,000, wengi wakiwa askari weusi walioletwa kwa reli ya Usambara. Washambuliaji walishindwa, wakaacha bunduki za rashasha na risasi laki kadhaa, na nyuki wa mashambani waliwashambulia kwelikweli. Mchezaji anayepewa upande wa Aitken hujifunza haraka kwamba wingi haukuwa tatizo: alichelewa kushuka, hakupeleleza, na watu wake walikuwa wamechoka kwa safari ya bahari.

Hata hivyo meza ina kasoro moja kubwa. Inahesabu risasi, haihesabu kuhara. Katika vita ile ya 1914 hadi 1918, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi wakiwa wamebeba mizigo ya majeshi yote mawili, na jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mchezo unaoanza vikosi vikiwa tayari uwanjani hauwezi kuwaona.

Hapo ndipo nawageukia walimu wa historia na wasimamizi wa makumbusho zetu. Mfano wa Tanga hauhitaji mtaji wa Siborne. Udongo wa mfinyanzi, rangi za maji, ramani ya mji na darasa la kidato cha tatu vinatosha kuanza. Wapeni wanafunzi reli, bandari, mashamba, na kanuni inayomlazimu kila kamanda kulisha wapagazi wake kabla ya kusogeza kikosi. Kisha waacheni waulizane kwa nini ilitokea vile.