Waliokulia Mazimbu

Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Ukitoka darasani jioni unaiona milima ya Uluguru imejitanda ukungu. Wengi tunaopita hapa tunajua kwamba Mahlangu alikuwa Mwafrika Kusini, basi. Hatuulizi nani aliishi hapa kabla yetu.

Waliishi watoto wa shule. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi. Maelfu ya vijana walivuka mipaka, wengi bila hata kuwaaga wazazi. Baadhi walikwenda kujifunza vita, wengine walitaka shule kwanza. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama chao, ANC, shamba la mkonge lililotelekezwa hapa Mazimbu. Mwaka 1979 shule ikapewa jina la Mahlangu, kijana wa miaka 22 aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili mwaka huohuo.

Tunapenda riwaya za watoto wanaokulia kwenye makazi ya sayari ya mbali, ambako kila kitu ni cha kujengwa, kila mtu ana zamu yake, na nyumbani ni mahali pa kusimuliwa tu. Mazimbu ilikuwa hivyo. Chini ya Oswald Dennis, Mwafrika Kusini mwenzao, na kwa mikono ya vibarua wengi Watanzania, pori la mkonge likawa mji mdogo: mabweni, hospitali, karakana ya useremala, kiwanda cha nguo, mashamba, mabanda ya nguruwe. Wanafunzi walisoma hesabu na historia ya mapambano yao, kisha wakashika majembe.

Lakini ujana haungoji ukombozi. Wengi walitumia majina ya bandia ili ndugu waliobaki wasisumbuliwe na polisi wa makaburu. Fikiria una miaka 16, jina si lako, na barua kwa mama ni hatari kwake. Unabalehe, unapenda, unakosea, na hakuna shangazi wa kukuita pembeni. Chama ndicho mzazi. Wasichana waliopata mimba waliondoka darasani wakaenda kulea kwenye kituo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Katika shule iliyojengwa kwa ajili ya uhuru, swali la nani anaacha masomo mtoto anapozaliwa lilijibiwa kama linavyojibiwa kwingi.

Oliver Tambo aliifungua rasmi shule hiyo mwaka 1985. Miaka mitano baadaye ANC iliruhusiwa tena Afrika Kusini, na mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania. Safari ile iliitwa kurudi nyumbani. Kwa waliotoka Soweto, sawa. Lakini wapo waliozaliwa hapa, ambao milima yao ya kwanza ilikuwa Uluguru. Mtoto anarudije mahali ambapo hajawahi kufika?

Wengine hawakurudi. Yapo makaburi Mazimbu, ya watu waliofia ugenini wakiisubiri nchi yao. Sisi tunayapita tukienda na kurudi, na usiku tunalala kwenye majengo waliyoyaacha wenzao.