Tone Lishikalo Bolti

Msomaji, umeona bolti mara nyingi kuliko uwezavyo kuhesabu, lakini huenda hujapata kuitafakari hata mara moja. Ni kipande kidogo cha chuma chenye kichwa upande mmoja, na upande wa pili kimezungukwa na mikato inayopanda kama ngazi ya mnara. Mikato hiyo huitwa hesi. Nati nayo ina hesi za namna hiyo hiyo tumboni mwake. Viwili hivi vikikutana na kukazwa, hufunga pamoja vyuma ambavyo watu kumi wakivuta hawawezi kuvitenganisha. Hata hivyo, kifungo hicho kina adui asiye na mikono wala spana, naye huweza kufungua kilichofungwa na fundi hodari. Jina lake ni mtikisiko. Historia ya vita baina ya binadamu na adui huyo ina jambo moja la ajabu: dawa ilipatikana kabla ugonjwa wenyewe haujaeleweka vema.

Zamani kila karakana ilikata hesi zake kwa kipimo chake. Nati iliyotoka kwa fundi huyu haikuingia katika bolti ya fundi yule, hata kama walikuwa majirani. Karibu na mwaka 1800 Henry Maudslay wa London alitengeneza mashine iliyokata hesi kwa usahihi mkubwa. Mmoja wa waliofanya kazi kwake, Joseph Whitworth, alikusanya bolti za karakana nyingi za Uingereza, akazilinganisha, na mwaka 1841 akatoa shauri kwamba nchi nzima itumie kipimo kimoja, na pembe ya hesi iwe digrii 55. Katika Marekani, William Sellers wa Philadelphia alitoa kipimo chake mwaka 1864, chenye pembe ya digrii 60. Basi bolti na nati zikaanza kupatana hata zikiwa zimetoka viwanda vilivyo mbalimbali.

Lakini kupatana si kudumu. Karne ile ilikuwa karne ya garimoshi na mitambo ya mvuke, na baadaye yakaja magari ya petroli. Vyombo hivi vyote hutikisika. Bolti iliyokazwa asubuhi ilionekana jioni imelegea, na safari ikiendelea nati iliweza kudondoka njiani pasipo mtu kujua. Wahenga walisema kwamba bandu bandu huisha gogo. Na mtikisiko ndivyo ufanyavyo, hauchukui kifungo chote kwa mara moja, bali hula kidogo kidogo.

Mafundi walitafuta kinga. Wengine walifunga nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Wengine waliweka chini ya nati washa iliyopasuliwa na kupindwa mfano wa springi. Wengine walitoboa tundu katika bolti, wakapitisha pini na kukunja ncha zake, au wakafunga bolti kadhaa pamoja kwa waya. Baadhi ya njia hizi zilifaa na zinatumika hata leo, hasa pini na waya. Nyingine, kama utakavyoona, zilisifiwa kuliko zilivyostahili.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanakemia wa kampuni ya General Electric huko Marekani walikutana na kimiminiko chenye tabia ngeni. Gundi nyingi hukauka zipatapo hewa. Hiki kilikuwa kinyume. Kilipokuwa na hewa kilibaki maji, na kilipokosa hewa kiligeuka kuwa kigumu. Ili kisigande ndani ya chombo, ilibidi hewa ipulizwe ndani yake pasipo kukoma. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuuzwa dukani, na kwa hiyo hakikuwa na faida kubwa.

Mmoja wa wanakemia wa kampuni hiyo, Robert Krieble, alimsimulia baba yake habari hii. Baba huyo, Vernon Krieble, alikuwa profesa wa kemia katika Trinity College mjini Hartford, katika jimbo la Connecticut. Alizaliwa mwaka 1885, na kwa hiyo alikuwa amefikia umri ambao wengi hutazamia mapumziko. Yeye alitazamia kazi. Alijaribu hata akapata mchanganyiko uliotulia chupani bila kupulizwa hewa, lakini ukaganda mara ulipofungiwa katikati ya chuma na chuma. Mwaka 1953 kampuni ilianzishwa ili kuutengeneza, na bidhaa yenyewe ikaitwa Loctite. Mwezi wa Julai 1956 ilitangazwa hadharani mjini New York.

Sasa fikiri jinsi tone hilo lifanyavyo kazi. Hesi za bolti na za nati hazigusani kila mahali. Baina yao hubaki nafasi nyembamba sana. Tone likiwekwa juu ya hesi na nati ikakazwa, hujaza nafasi ile na kufukuza hewa. Hapo mambo mawili hukutana: hewa imetoweka, na chuma kiko karibu kuchochea mabadiliko. Kimiminiko hugeuka plastiki ngumu, na kwa kawaida hupata nguvu zake zote baada ya saa 24 hivi. Chupa yake hutengenezwa kwa plastiki inayopitisha hewa, wala haijazwi hadi juu. Mnunuzi asiyejua hudhani amepunjwa, kumbe hewa iliyomo ndiyo mlinzi wa mali yake.

Gundi hizi zina daraja. Ile ya buluu hushika kwa kiasi, na fundi aweza kuifungua kwa spana ya kawaida. Ile nyekundu hushika sana, na mara nyingi bolti yake haifunguki mpaka ipashwe moto wa digrii 250 hivi. Zote mbili hutaka hesi zilizosafishwa, maana mafuta na uchafu hudhoofisha mshiko.

Dawa, basi, ilikuwa imekwisha patikana. Lakini kwa nini nati hulegea? Jibu lililo wazi lilitolewa mwaka 1969 na mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker. Alitengeneza mashine iliyotikisa vyuma vilivyofungwa kwa bolti, akapima jinsi mkazo ulivyopungua. Aligundua kwamba mtikisiko mbaya kuliko yote ni ule unaosukuma vyuma kwenda kando, huku na huko, kuikata njia ya bolti.

Chukua ubao, uinamishe kidogo, uweke kisanduku juu yake. Kisanduku hakiteremki, kwa sababu msuguano unakishika. Sasa kitikise kwa upande, kushoto na kulia: utakiona kinashuka chenyewe, maana msuguano umeshughulishwa upande mmoja, ukasahau upande wa pili. Hesi si kitu kingine ila mteremko uliozungushiwa chuma, na nati ni kisanduku kilicho juu yake. Katika majaribio ya namna hii washa ya springi, iliyoaminiwa miaka mingi, haikuonyesha msaada wa kutegemewa. Gundi ilionyesha, kwa kuwa inapoziba ile nafasi, nati haina pa kuchezea.

Elimu hii yahitajiwa hasa na wale wainuao magari. Huko Marekani wako watu wengi wapendao kuinua pikapu zao ili zipite penye mawe na matope. Huweka springi ndefu zaidi au vipande vya chuma chini ya springi za zamani, kisha hufunga magurudumu makubwa. Kwa kufanya hivyo hubadilisha pembe za vyuma vibebavyo gari, na uzito wa magurudumu huongeza misukosuko ya kando inayopata bolti. Hapo fundi hushawishika kumimina gundi katika kila bolti, kisha akalala usingizi wa raha.

Msomaji, hapa ndipo penye hatari. Bolti ikikazwa sawasawa hunyooka kidogo sana, kama springi, na ule mvuto wake ndio unaobana vyuma visiteleze. Gundi haitoi mvuto huo. Inazuia nati isizunguke tu. Nati iliyoshikwa na gundi juu ya bolti isiyokazwa vema haitadondoka, na macho yatadanganyika. Lakini vyuma vitaendelea kuteleza, bolti itapigwa huku na huku, na siku moja itakatika gari likiwa mwendoni na watu wakiwa ndani. Aidha, zile bolti za umbo la U zishikazo springi kwa kawaida hutakiwa kukazwa tena baada ya mwendo wa kilomita kadhaa. Gundi iliyokwisha ganda ikizungushwa huvunjika, na faida yake hupotea. Na penye bushi za mpira, moto wa kufungulia gundi nyekundu huunguza mpira pia. Kwa sababu hizo fundi mwenye busara husoma kwanza maagizo ya mtengenezaji, hukaza kwa spana yenye kipimo, hutia gundi mahali ilipoagizwa, kisha hurudi kukagua.

Usiidharau gundi ya mzee Krieble, kwa maana imeokoa mitambo mingi. Lakini usiitake ifanye kazi isiyo yake. Kazi ya tone lile ni kulinda kilichokwisha fanywa vizuri, wala haliwezi kusahihisha kilichofanywa vibaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyekaza bolti kwa kipimo chake akitumaini tone la gundi amepaka rangi juu ya ufa, na ukuta unamngoja.