Kutoka Seramu hadi Chanjo: Historia Fupi ya Tiba ya Pepopunda

Historia ya pepopunda husimuliwa mara nyingi kama historia ya ugunduzi wa kijidudu. Insha hii inashikilia kwamba kilichoiongoza zaidi ni kushindwa kwa tiba.

Mwaka 1884 Arthur Nicolaier aliwadunga wanyama udongo, nao wakakakamaa. Mwaka 1889 Shibasaburo Kitasato, katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, alifaulu kukiotesha kijidudu hicho peke yake, pasipo oksijeni. Mwaka uliofuata, yeye na Emil von Behring walidhihirisha kuwa seramu ya mnyama aliyekingwa huizima sumu ya ugonjwa huo. Ilidhaniwa kuwa dawa imepatikana.

Hata hivyo, wagonjwa waliokwisha kukaza taya waliendelea kufa. Sumu ya pepopunda husafiri ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, na ikishajishikiza humo, seramu haiifikii tena. Hivyo basi, dalili ya kwanza ni tangazo la madhara yaliyokwisha kutendeka. Seramu hiyohiyo iliyoshindwa wodini ilifanikiwa vitani. Mwaka 1914, katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyorutubishwa kwa samadi, takriban majeruhi 8 kati ya kila 1000 wa jeshi la Uingereza walipatwa na pepopunda. Seramu ilipoanza kudungwa kwa kila majeruhi kabla ya dalili, kiwango hicho kilishuka upesi. Kinga hiyo ilidumu majuma machache tu, na seramu ya farasi yenyewe iliweza kudhuru. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon aliidhoofisha sumu kwa formalini, ikawa chanjo. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liliandikisha wagonjwa 12 tu.

Utambuzi, kwa upande wake, haukubadilika sana. Kijidudu huweza kuwamo kidondani bila ugonjwa, au kukosekana ilhali mgonjwa amepinda mgongo. Kwa hiyo daktari bado hutegemea macho yake. Kwa mtoto mchanga, aliyeambukizwa kupitia kitovu, ishara kuu ni kwamba alinyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha akashindwa. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1000 katika kila wilaya. Kijidudu chenyewe kingali udongoni.